Durham, mji wa wakimbizi

Mara nyingi tunasimuliwa habari za Roma, za Lurdi na za Yeruzalemu. Mara hii twende mahali ambapo pengine wengi wetu hatujasikia hata jina lake.

Kaskazini ya Uingereza, safari ya masaa karibu matatu kwa treni toka London, kuna mji mdogo uitwao Durham. Mto wake unaitwa Wear. Mto huo ukifika pale hauendi moja kwa moja, bali unazunguka kilima chenye miamba mikali kwa pande tatu, hata umekaribia kukifanya kisiwa. Juu ya kilima, upande mmoja pana ngome, na upande wa pili pana kanisa kubwa la mawe lenye minara mitatu. Abiria akichungulia dirishani mwa treni analiona kanisa hilo kabla ya kuona kitu kingine cho chote cha mji.

Labda mtauliza: nani alichagua mahali pagumu namna ile? Si mfalme, wala si tajiri. Mahali pale palichaguliwa na watu waliokuwa wakikimbia, nao walikuwa wamebeba jeneza.

MTAWA WA KISIWANI

Mwaka wa 635 Oswald, mfalme wa Northumbria, aliwaita watawa toka kisiwa cha Iona waje kuwahubiri watu wake. Mkubwa wao alikuwa Mtakatifu Aidan. Wakajenga monasteri yao Lindisfarne, mahali ambapo bahari ikijaa panakuwa kisiwa, na ikipwa mtu anaweza kupita kwa miguu. Mfalme Oswald aliuawa vitani mwaka wa 642. Kichwa chake kililetwa Lindisfarne, nacho tutakikuta tena mbele.

Kijana Cuthbert aliingia utawa mwaka wa 651 katika monasteri ya Melrose. Baadaye alitumwa Lindisfarne kuwa priori. Habari zake tunazipata hasa kwa Mtakatifu Beda, aliyezaliwa zamani zile zile. Beda anatuambia kwamba Cuthbert alipenda kwenda katika vijiji vya milimani, kule ambako wahubiri wengine waliogopa umaskini na njia mbaya, na alikaa huko majuma mazima. Anasimulia pia kwamba usiku mmoja Cuthbert alisimama baharini akisali, maji yakimfika shingoni, na alipotoka fisi maji wawili wakamfuata pwani, wakamkausha miguu kwa manyoya yao na kuipasha moto kwa pumzi zao.

Mwaka wa 676 akaenda kukaa peke yake katika kisiwa kidogo cha Farne. Akajenga kibanda chenye ukuta mrefu kukizunguka, kusudi asione kitu ila mbingu. Lakini watu hawakumwacha. Walimfuata kwa mitumbwi na shida zao. Mwaka wa 684 mfalme mwenyewe alikwenda kumbembeleza awe askofu. Alilia, akakubali. Akafanya kazi ile muda usiofika miaka miwili, akarudi Farne kufa. Alikufa tarehe 20 Machi 687.

Sasa tusikilize vizuri maneno yake ya mwisho, kwa kuwa habari yote ya Durham imo ndani yake. Watawa walitaka kumzika Lindisfarne. Yeye alitaka kubaki Farne. Kwa nini? Aliwaonya kwamba wakiwa na kaburi lake, wakimbizi na watu wenye makosa watakuja kujificha kwake, na watawa watapata taabu kila mara kwenda kuwaombea kwa wakubwa wa dunia. Watawa wakajibu kwamba taabu hiyo watabeba. Basi akakubali. Halafu akawaambia neno la pili: ikiwa siku moja watalazimishwa ama kukubali uovu wa wale waliojitenga na umoja wa Eklezia, ama kuhama, basi wahame, na wachukue mifupa yake pamoja nao.

Mwaka wa 698 wakafungua kaburi wapate kuweka mifupa yake mahali pa heshima. Wakakuta mwili mzima, kama wa mtu aliyelala. Wakautia katika jeneza jipya la mti wa mwaloni, lenye picha za Kristu, mitume na malaika zilizochorwa kwa kisu.

SAFARI YA JENEZA

Mwaka wa 793 maharamia wa kaskazini, wanaoitwa Waviking, walishuka toka merikebu zao wakanyang'anya monasteri ya Lindisfarne na kuua watu. Hawakuacha kurudi katika nchi ile. Mwaka wa 875 watawa waliona kwamba kukaa zaidi ni kufa. Wakakumbuka neno la mtakatifu wao. Wakafungua kaburi, wakatia ndani ya jeneza kichwa cha Mfalme Oswald, wakachukua na kitabu chao cha Evanjili kilichopambwa ajabu, wakaondoka.

Walitembea miaka saba. Hawakuwa watawa peke yao: jamaa za Wakristu zilifuatana nao, pamoja na wanawake, watoto na mifugo. Mtawa Symeon wa Durham, aliyeandika habari hizi mwanzoni mwa karne ya 12, anasema kwamba watu saba walikuwa na kazi ya kulitunza jeneza, na kwamba wazao wao walijisifu kwa jambo hilo hata zamani zake. Mwaka wa 883 wakapata kupumzika Chester-le-Street. Wakakaa huko zaidi ya miaka mia moja.

Mwaka wa 995 hatari ikarudi. Askofu Aldhun akaondoka na watu wote na jeneza, wakaenda Ripon, upande wa kusini. Walipokuwa wakirudi, ndipo walipofika Durham. Masimulizi ya wenyeji yanasema gari la jeneza lilikwama, halikutaka kwenda mbele. Kisha wakamsikia mwanamke akimwuliza mwenzake alipo ng'ombe wake aliyepotea, naye akaonyeshwa njia ya kilima. Wakamfuata yule mwanamke, na gari likatembea. Sisi hatuwezi kusema kama ng'ombe yule alikuwako. Lakini kila mtu anayetazama kilima kile, na mto ukikizunguka kama ukuta, anafahamu mara moja sababu ya watu waliochoka kukimbia kupachagua. Walikata miti, wakajenga kibanda cha matawi juu ya jeneza. Mwaka wa 998 kulikuwa tayari na kanisa la mawe.

Hata hapo hawakupata amani mara moja. Mwaka wa 1069, William wa Normandi alipokwisha kuiteka Uingereza, alimtuma mtu wake atawale upande ule. Watu wa Durham wakamwua pamoja na askari zake. Mfalme akalipiza kisasi kikali sana: vijiji vya kaskazini vilichomwa, na njaa ikaua watu wengi. Askofu na watu wake wakabeba tena jeneza wakati wa baridi kali, wakarudi nalo Lindisfarne mpaka hasira ya mfalme ilipotulia.

Halafu likafanyika jambo ambalo wengi husahau kulisimulia. Waliolitunza jeneza katika Durham hawakuwa tena watawa kama zamani. Wengi walikuwa na wake na watoto, na kazi ile walirithishana. Mwaka wa 1083 Askofu William wa Saint-Calais alileta watawa wa Mtakatifu Benedikto, akawaambia wale wa zamani wachague: ama waingie utawa, ama waende zao. Symeon anasema ni mmoja tu aliyekubali, mkubwa wao, naye alishawishiwa na mtoto wake aliyekuwa mtawa. Wengine wote wakaondoka. Hatukatai kwamba askofu alikuwa na sababu, maana desturi za Eklezia zilikuwa zimelegea. Lakini tunawaonea huruma. Baba zao walilibeba jeneza lile mabegani miaka na miaka, nao wakatoka mikono mitupu.

Askofu yule yule aliweka jiwe la kwanza la kanisa la sasa tarehe 11 Agosti 1093. Mwaka wa 1104 upande wa altare ulikuwa tayari, na mwili wa Mtakatifu Cuthbert ukahamishiwa humo. Mwaka wa 1133 kazi kubwa ilikuwa imekwisha. Miaka arobaini tu, kwa nyundo, kamba na mikono! Nguzo zake ni nene hata urefu wake na mzunguko wake ni karibu sawa, kama mita 6 na nusu. Zimekatwa mapambo ya mistari inayopinda-pinda. Zamani zile makanisa mengi ya Ulaya yalikuwa na dari la mbao, na moto ukishika, kanisa limekwisha. Mafundi wa Durham waliezeka kanisa lote kwa mawe, wakashikiza dari kwa mbavu za mawe zinazopishana, na hapa na pale matao yenye ncha juu. Ufundi huo ndio uliotumiwa baadaye katika makanisa makubwa ya Ufaransa. Katika kikanisa kilichojengwa upande wa magharibi, karibu mwaka wa 1175, wamelazwa mabaki ya Mtakatifu Beda, ambayo padri mmoja wa Durham aliyaiba Jarrow karne moja na nusu mbele. Wizi mtakatifu, walisema wenyewe. Watu wa Jarrow sijui walisemaje.

Kuna kitu kimoja ndani ya kanisa hilo ambacho hakitupendezi. Chini, karibu na mlango wa nyuma, pana mstari wa jiwe jeusi. Mwanamke hakuruhusiwa kuuvuka. Mwaka wa 1333 Malkia Philippa mwenyewe, aliyekuwa amelala katika nyumba ya priori pamoja na mumewe, aliamshwa usiku, ikambidi aende kulala ngomeni. Walisema ndivyo alivyotaka mtakatifu. Kumbe katika kitabu cha Beda hatuoni jambo hilo. Mtakatifu Cuthbert aliwatembelea maabesi na kula mezani kwao, na sanda aliyozikwa nayo alipewa na abesi mmoja aliyeitwa Verca.

KICHWA CHA SIMBA

Tufike mlango wa kaskazini. Juu yake pana kichwa cha shaba, uso wa mnyama kama simba mwenye macho makubwa matupu, na kinywani ameshika pete. Mtu aliyekimbizwa, hata awe mwuaji, akiishika pete ile na kugonga, alikuwa mikononi mwa Mtakatifu Cuthbert. Watu wawili walilala katika vyumba juu ya mlango, kusudi wasikie hodi usiku na mchana. Mara kengele ikapigwa, mji wote ukajua kwamba mtu ameingia.

Mkimbizi aliungama kosa lake mbele ya mashahidi, akavuliwa silaha. Akavikwa joho jeusi lenye msalaba wa manjano begani kushoto. Alipewa chakula, kinywaji na mahali pa kulala kwa siku 37, kwa gharama ya watawa. Katika siku hizo aliweza kutafuta msamaha au kupatana na adui zake. Zikipita bila mapatano, ilimpasa ama kujitoa kwa waamuzi, ama kuapa kwamba anatoka katika nchi. Akapelekwa pwani, akapanda merikebu ya kwanza.

Vitabu vya watawa vya miaka ya 1464 hadi 1524 vimebaki. Vimeandika majina ya watu zaidi ya 300 walioingia kwa mlango ule, na walio wengi walikuwa na kosa la kuua. Si watu wema. Wengine labda walistahili adhabu yote iliyowangoja. Lakini katika nchi ambamo ndugu wa aliyeuawa walimwinda mwuaji na kumkata shingo njiani, siku 37 ziliwapa wote nafasi ya kupoa. Ndiyo ile taabu aliyoionya Cuthbert kitandani pa kufia, na watawa waliikubali miaka mia nyingi.

Maaskofu wao walikuwa na kazi za namna nyingine. Kwa kuwa Durham ilikuwa mbali na London na karibu na Uskoti, wafalme waliwaachia maaskofu madaraka makubwa: kuhukumu, kutoza kodi, kupiga fedha, kukusanya jeshi. Watu walisema kwamba alichonacho mfalme nje ya Durham, askofu anacho ndani yake. Askofu Antony Bek alikwenda vitani mwaka wa 1298 na jeshi lake mwenyewe. Mkono mmoja fimbo ya mchungaji, mkono wa pili upanga: mtakatifu aliyelia alipofanywa askofu angalisema nini?

MLANGO UNAFUNGWA

Mwisho wa miaka ya 1530 Mfalme Henry wa Nane, aliyekwisha kujitenga na Papa, aliwatuma watu wake wavunje makaburi ya watakatifu katika nchi nzima. Walifika na Durham. Mtu mmoja asiyejitaja jina aliandika habari hizo mwaka wa 1593, naye alizipata kwa wazee walioona. Walichukua kwanza dhahabu na vito. Kisha fundi akavunja jeneza kwa nyundo kubwa, na kumbe akavunja mguu wa mtakatifu, kwa sababu mwili ulikuwa bado mzima. Mkubwa wao akamwambia atupe mifupa chini. Akajibu kwamba haiwezekani, kwa kuwa ngozi na mishipa vinaishikilia pamoja. Wakatishika. Wakauweka mwili katika sakristia mpaka mfalme atoe amri, kisha ukazikwa chini, palepale kaburi lake la fahari liliposimama.

Tarehe 31 Desemba 1539 watawa walitia sahihi, monasteri ikawa mali ya mfalme. Priori wao Hugh Whitehead akawa mkubwa wa kwanza wa katedrali mpya ya dini ya mfalme, na baadhi ya watawa wakawa makanoni wake. Si kila mtu anapewa moyo wa kufa shahidi.

Watu wa kawaida hawakusahau upesi. Tarehe 14 Novemba 1569 wakubwa wawili wa kaskazini waliingia Durham pamoja na wafuasi wao, na kwa majuma machache Misa Takatifu ikasomwa tena katika katedrali. Watu walipiga magoti, na padri akawaondolea hatia ya kujitenga na Eklezia. Halafu jeshi la Malkia Elizabeth likaja. Wakubwa walikimbia kwanza. Watu wa vijiji, waliokuwa wamewafuata tu, ndio walionyongwa kwa wingi. Mmoja wa wakubwa wale, Thomas Percy, alikatwa kichwa York mwaka wa 1572, na mwaka wa 1895 Papa Leo wa Kumi na Tatu alimtangaza Mwenye Heri.

Tangu hapo padri Mkatoliki aliyekutwa katika Uingereza alikuwa mtu wa kufa. Vijana walivuka bahari kwenda kusoma seminari Douai na Reims, wakarudi kwa siri, wamevaa kama wafanya biashara. Tarehe 27 Mei 1590 mapadri wanne, Edmund Duke, Richard Hill, John Hogg na Richard Holiday, waliuawa mahali paitwapo Dryburn, nje kidogo ya Durham. Inasimuliwa kwamba mume na mke Waprotestanti, waliokuwa wamekuja kutazama, walirudi nyumbani wakitaka kuwa Wakatoliki. Miaka minne baadaye, tarehe 24 Julai 1594, ikawa zamu ya Padri John Boste. Alikuwa amezunguka kaskazini miaka mingi, akilala leo nyumba hii, kesho ile. Alikamatwa katika nyumba ya Wakatoliki si mbali na Durham, kwa kusalitiwa na mtu aliyejifanya rafiki. Walimtesa London hata akawa kilema. Alipopanda ngazi ya mti wa kunyongea, alisali Malaika wa Bwana, kipande kwa kila hatua. Papa Paulo wa Sita alimtangaza Mtakatifu mwaka wa 1970.

Toka Dryburn minara ya katedrali si mbali. Kile kichwa cha simba kilikuwa bado mlangoni, na sheria ya kukimbilia kanisani ilikuwa bado haijafutwa yote. Ilifutwa mwaka wa 1624. Lakini aliyekuwa padri wa Eklezia iliyolijenga kanisa lile hakuwa na pete ya kushika.

Mwaka wa 1650 mambo yakawa mabaya kupita hayo. Oliver Cromwell aliwashinda Waskoti pale Dunbar, tarehe 3 Septemba, akawapeleka maelfu ya mateka kusini kwa miguu, bila chakula. Karibu 3000 walifungiwa ndani ya katedrali ya Durham, iliyokuwa tupu kwa kuwa bunge lilikuwa limewafuta maaskofu na makanoni. Walivunja mbao za kanisa wakaziwasha wapate joto. Kuhara na njaa vikawaua karibu 1700. Waliobaki walitumwa kufanya kazi, na wengine kati yao walisafirishwa mpaka Amerika. Wafu walikozikwa hapakujulikana vizuri karibu miaka 400. Mwaka wa 2013 mafundi waliokuwa wakichimba karibu na katedrali walikuta mifupa imerundikwa ovyo. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Durham waliichunguza, wakathibitisha kwamba ni wale Waskoti, wengi wao vijana, na wengine walikuwa bado watoto hasa. Mwaka wa 2018 walizikwa kwa heshima.

WALIOGONGA TENA

Mwaka wa 1735 alizaliwa Durham mtoto Granville Sharp, baba yake akiwa kanoni Mwanglikana katika katedrali. Alikuwa karani tu wa serikali, si mwana sheria, lakini alijifunza sheria mwenyewe, usiku, kwa ajili ya watu weusi waliotumikishwa katika London. Mwaka wa 1771 Mwafrika aitwaye James Somerset, aliyechukuliwa mtumwa toka Afrika ya Magharibi akiwa mdogo, alimtoroka bwana wake. Akakamatwa, akafungwa minyororo ndani ya merikebu iliyongoja kwenda Jamaika. Sharp akamtafutia wanasheria. Tarehe 22 Juni 1772 mwamuzi Lord Mansfield alikata shauri: mtu hawezi kutolewa Uingereza kwa nguvu akauzwe. Somerset akatoka huru. Utumwa wenyewe katika makoloni ya Waingereza ulingoja sheria ya mwaka wa 1833. Sharp alisaidia pia kuanzisha makao ya watu waliokombolewa katika Sierra Leone, mwaka wa 1787. Na tazameni jinsi mambo yanavyofuatana: Askofu van Mildert, wa mwisho kuwa na yale madaraka ya kifalme, alisaidia kuanzisha Chuo Kikuu cha Durham mwaka wa 1832, na ngome ikawa nyumba ya wanafunzi. Mwaka wa 1876 chuo hicho kilipatana na koleji ya Fourah Bay, Freetown, Waafrika wapate kufanya mtihani na kupewa digrii za Durham bila kutoka kwao.

Wakatoliki nao walianza kurudi polepole. Mapinduzi ya Ufaransa yalipowafukuza waseminari Waingereza toka Douai, baadhi yao walikuja kukaa karibu na Durham, na mwaka wa 1808 wakahamia seminari mpya ya Ushaw, kilometa chache toka mjini. Mapadri wengi wa kaskazini walisomea huko, mpaka ilipofungwa mwaka wa 2011. Mwaka wa 1827 kanisa Katoliki la Mtakatifu Cuthbert lilifunguliwa mjini, na mwezi huo huo wa Mei wakubwa wa katedrali walifungua kaburi lake. Sasa walikuta mifupa, imevikwa hariri za Bizanti. Kifuani msalaba mdogo wa dhahabu na vito vyekundu. Kitana cha pembe ya ndovu. Altare ndogo ya safari. Vipande vya jeneza la mwaka wa 698. Na fuvu la kichwa, ambalo watu wengi wanalitambua kuwa la Mfalme Oswald.

Kitu kimoja hakikuwemo, kwa kuwa kilitolewa mwaka wa 1104: kitabu kidogo cha Evanjili ya Yohane, kama kiganja cha mkono, na ngozi yake nyekundu ingali nzima. Nacho kilikuwa mkimbizi. Kilipotea Durham wakati wa mavunjo. Mwaka wa 1769 kilikuwa mikononi mwa Wajezuiti Waingereza waliokaa Liège, katika nchi inayoitwa leo Ubelgiji, kisha kikarudi nao Uingereza walipoyakimbia Mapinduzi. Mwaka wa 2012 Maktaba ya Taifa ya Uingereza ilikinunua kwa paundi milioni 9. Hakuna kitabu kingine cha Ulaya cha zamani kama hicho ambacho bado kina jalada lake la kwanza.

Wakati huo nchi yote ya Durham ilikuwa imekwisha tobolewa chini kwa ajili ya makaa ya mawe. Maaskofu na makanoni walipata fedha nyingi kwa makaa hayo; wachimbaji walipata vumbi. Wairlandi wengi waliokimbia njaa kuu ya miaka ya 1840 walikuja kufanya kazi huko, na parokia zikajaa. Wachimbaji wakaungana katika chama mwaka wa 1869, na mwaka wa 1871 wakafanya sikukuu yao ya kwanza mjini. Tangu hapo karibu kila mwaka, na siku hizi mwezi wa Julai, vijiji vyao huingia Durham na bendera kubwa za hariri na fanfari mbele, na bendera nyingine huingizwa katika katedrali kubarikiwa. Kijiji kilichopoteza watu mgodini kilifunga kitambaa cheusi juu ya bendera yake. Tarehe 29 Mei 1951 moto ulilipuka katika mgodi wa Easington, wakafa watu 83, wawili wao wakiwa wamekwenda kuwaokoa wenzao. Julai ile ile bendera ya Easington ilipita katikati ya umati ikiwa na kitambaa cheusi. Ndani ya katedrali, tangu mwaka wa 1947, pana ukumbusho wa wachimbaji, na maneno yake yametolewa katika Kitabu cha Yobu, pale panapotajwa watu wa chini ya ardhi waliosahauliwa na miguu ipitayo juu yao.

Mgodi wa mwisho ulifungwa mwaka wa 1993. Bendera zinaendelea kuja.

Tangu mwaka wa 1986 katedrali na ngome vimo katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia, na wageni wengi huja kuvitazama. Katedrali ni ya Waanglikana. Mkatoliki akifika haulizwi kitu, anaingia na kusali. Nyuma ya altare kubwa, mahali palipokuwa na dhahabu na vito, pana jiwe pana la kijivu chini, limeandikwa neno moja tu: CUTHBERTUS. Kichwa cha simba kilicho mlangoni sasa ni mfano uliotengenezwa mwaka wa 1980. Kile cha kwanza, walichokishika wakimbizi kwa mikono yao, kimewekwa katika makumbusho ya katedrali, na pete ingali kinywani mwake.